Ua Lililopewa Ukoo Usio Wake

Mhadhara uliotolewa Zuzu, Dodoma, mbele ya wakulima, walimu na wanafunzi



Ua nililokuja kulizungumzia halioti Zuzu. Kwao ni milima ya Usambara, Nguru na Uluguru hapa nchini, na milima ya Taita upande wa Kenya, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu karibu na vijito. Amani, kule Usambara Mashariki, mvua ya mwaka mmoja ni zaidi ya mara tatu ya hii tunayoipata Dodoma. Mkilileta hapa na kuliacha kwenye jua la Oktoba, majani yake yataungua siku hiyo hiyo. Basi kabla hatujapanda milimani, naomba tuanzie jikoni, kwenye chungu cha mlenda.

Mama zetu wanajua kwamba mlenda ni jina la mboga zaidi kuliko jina la mmea. Mvua zikishika, huchumwa majani ya mimea kadhaa yenye utelezi, yakaanikwa, yakatwangwa, yakawekwa akiba ya kiangazi. Mmoja wa mimea hiyo wataalamu huuita Corchorus, na ni jamaa wa bamia, pamba na mbuyu. Mwingine huitwa Ceratotheca, na huo ni jamaa wa ufuta. Ukiipika kwa magadi yote huvutika, na mgeni akila hawezi kukwambia kipi ni kipi. Lakini ukitaka kumpata babu ambaye mimea hii miwili inamchangia, itakubidi urudi nyuma zaidi ya miaka milioni 100. Utelezi haukutoka kwa babu huyo. Kila upande uliupata kwa njia yake.

Mpishi ana haki ya kuyaita majani hayo jina moja, maana yeye anapanga mimea kwa kazi yake chunguni. Anayetafuta nasaba anapanga kwa uzazi: nani katoka kwa nani. Tabu huanza pale jina lililotolewa kwa sura linapochukuliwa kuwa ndiyo nasaba, na hayo ndiyo yaliyolipata ua letu.

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, alikutana na mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini na maua ya rangi ya urujuani. Akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akauandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa yule mkuu wa wilaya na baba yake. La pili limetoka Kigiriki, na maana yake ni mmea wenye ua kama urujuani, yaani kama ua la Ulaya liitwalo Viola. Kwa Wajerumani likawa urujuani wa Usambara, kwa Waingereza likawa urujuani wa Afrika. Watu wa Usambara, waliolipita vijitoni vizazi kwa vizazi, hawakuulizwa kitu.

Kuna urujuani wa kweli Afrika Mashariki? Upo. Viola abyssinica huota kwenye milima yetu yenye baridi. Viola eminii, wa Rwenzori na milima mingine mirefu, umebeba jina la msafiri Emin Pasha, aliyefika Mpwapwa pamoja na msafiri mwenzake Stanley mwaka 1889, katika mkoa wetu huu. Hata nyika kavu zina jamaa wa ukoo huo: kijimmea kinachojulikana zaidi kwa jina la Hybanthus enneaspermus, chenye ua dogo ambalo petali yake moja ni kubwa na imeshuka kama ulimi. Mchungaji hulikanyaga bila kujua kwamba amekanyaga jamaa wa karibu zaidi wa urujuani kuliko lile ua maarufu la Usambara.

Mwanafunzi hahitaji maabara kuanza kuona tofauti. Chuma ua la urujuani wa kweli uvute petali: zinatoka moja moja, na moja imetengeneza kifuko nyuma cha kuwekea nekta. Chukua ua la Usambara: petali zimeungana kwenye kitako, na likianguka, huanguka zima. Wataalamu walikwisha kuliona hilo tangu zamani, ndiyo maana Wendland mwenyewe hakuliweka kwenye ukoo wa Viola. Jina la sokoni ndilo lililobaki kudanganya. Swali gumu lilikuwa lingine: kama si ndugu wa urujuani, ndugu zake hasa ni nani? Kwa swali hilo macho peke yake hayakutosha, na hapo ndipo tunapoingia ndani ya jani.

Zuzu inajulikana nchi nzima kwa kituo chake cha kupoza umeme. Kituo chetu kinapokea umeme uliofuliwa kwingine na kuupeleka kwa watumiaji. Jani nalo lina mitambo yake, tena ya kufua kabisa. Ndani ya kila seli ya kijani kuna chembe ndogo ziitwazo kloroplasti. Hizo ndizo zenye umbijani, na hizo ndizo zinazonasa mwanga wa jua na kuutumia kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya ukaa. Mtama wako, uwele wako, zabibu zako, na hata nyama ya mbuzi aliyekula majani, vyote vimepita kwanza kwenye mtambo huo.

Mtambo huu una historia ambayo mimi, kila ninapoifundisha, naona kama naisikia mara ya kwanza. Kloroplasti ilikuwa kiumbe huru. Zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, bakteria mmoja aliyekuwa akiishi majini kwa nguvu ya jua aliingia ndani ya seli ya kiumbe kingine, na wala hakusagwa. Akakaa, akazaana humo, vizazi vikapita, akawa sehemu ya mwenyeji wake. Mrusi Konstantin Mereschkowsky aliandika wazo hilo mwaka 1905, na wengi hawakumjali. Mwaka 1967 Lynn Margulis wa Marekani alilifufua kwa hoja nzito zaidi, na leo ndilo linalofundishwa. Ushahidi mmojawapo ni huu: kloroplasti ina DNA yake yenyewe, iliyojiviringa duara kama ya bakteria, tofauti na DNA kubwa iliyomo kwenye kiini cha seli. Jeni zake nyingi za zamani zilihamia kwenye kiini. Zilizobaki ni mia moja na ushei. Mkusanyiko mzima wa DNA hiyo ndio tunaouita jenomu ya kloroplasti.

Sasa sikilizeni jambo linaloifanya ifae kwa kutafuta nasaba. Katika mimea mingi yenye maua, kloroplasti hurithiwa kwa mama. Chavua inaleta mchango wa baba kwenye kiini, lakini mitambo ya kijani hutoka kwenye yai. Kwetu Wagogo mtoto huhesabiwa ukoo wa baba. Jirani zetu Waluguru huhesabu kwa mama, na Mluguru anaweza kukutajia bibi juu ya bibi bila kuchanganya. Kloroplasti inahesabu kama Mluguru. Haichanganywi upya kila kizazi kama DNA ya kiini, kwa hiyo inashuka kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu ikiwa karibu vile vile, isipokuwa mara moja moja herufi inapokosewa katika kunakiliwa. Kosa likishaingia, nalo hurithiwa. Mimea miwili iliyo na kosa lile lile mahali pale pale huenda ilimchangia bibi mmoja, na makosa yanayofanana yakiwa mengi, shaka hupungua.

Nimesema herufi. DNA huandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na kuisoma ni kujua mpangilio wake toka mwanzo hadi mwisho. Jenomu za kwanza kamili za kloroplasti zilisomwa Japani mwaka 1986, ya tumbaku na ya mmea mmoja mdogo wa jamii ya chini. Ile ya tumbaku, zao ambalo Tabora wanalijua kuliko mimi, ilikuwa na herufi zaidi ya 155,000, nayo ilisomwa kwa mkono na kwa subira kubwa. Ya mzabibu, zao letu la Dodoma, ilichapishwa mwaka 2006: herufi 160,928. Kwa hiyo mkulima wa zabibu aliyeko hapa asidhani habari hii ni ya watu wa mbali. Kloroplasti zilizo kwenye majani ya shamba lake zina mpangilio unaojulikana karibu herufi kwa herufi.

Siku hizi kazi ni nyepesi zaidi, na ningependa muione kwa macho ya akili. Mtafiti huchuma jani bichi, akalitia kwenye mfuko wenye chembe za kunyonya maji, likauke upesi kabla halijaoza. Maabara hulisaga, huondoa mafuta, protini na utomvu, hubaki na DNA. Mashine haiwezi kusoma uzi mzima kwa mkupuo. Inasoma vipande vifupi, mara nyingi vya herufi 150 hivi, lakini inasoma mamilioni yake. Chukueni nakala 500 za gazeti moja, mzichane ovyo, kila nakala kwa namna yake, kisha mchanganye vipande vyote. Kipande kimoja kitaishia katikati ya sentensi, na kipande kutoka nakala nyingine kitakuwa na sentensi hiyo nzima pamoja na inayofuata. Ukivipandanisha hivyo kwa uvumilivu, gazeti linarudi. Kompyuta ndiyo inayofanya uvumilivu huo. Na kwa kuwa seli moja ya jani ina nakala nyingi mno za jenomu ya kloroplasti, wakati ile ya kiini ni chache, vipande vya kloroplasti huwa tele na gazeti lake hupatikana kwa urahisi.

Ndivyo ilivyofanyika kwa ndugu wa ua letu anayeishi Taita. Anaota kwenye kilima kimoja tu duniani, Mbololo, na yumo katika orodha ya mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2018 Cornelius Kyalo, Itambo Malombe wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Kenya na China walichapisha jenomu yake kamili ya kloroplasti. Ina herufi 153,207. Ingechapwa kitabuni, herufi 3,000 kwa ukurasa, ingekuwa kijitabu cha kurasa 51. Kijitabu hicho kina sehemu nne: kubwa ya herufi 84,103, ndogo ya 18,300, na kati yao sura mbili zinazofanana, kila moja herufi 25,402, ila ya pili imeandikwa kinyumenyume. Anayependa hesabu ajumlishe, atafika pale pale. Mpangilio huo wa sehemu nne utaukuta pia kwenye tumbaku na kwenye mzabibu, na ndiyo maana watafiti wanaweza kuweka kijitabu juu ya kijitabu na kulinganisha mstari kwa mstari.

Mwaka 2020 kundi hilo hilo lilisoma kloroplasti za nususpishi tano (aina za ndani ya spishi moja) za ua la Usambara. Zilifanana mno, kwa mpangilio na kwa jeni zilizomo. Jambo hilo lina uzito. Kwa miaka mingi mtaalamu B. L. Burtt wa Edinburgh alikuwa amehesabu spishi karibu 20 za maua haya, akitazama hasa manyoya ya majani. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, akiandika kitabu rasmi cha mimea ya Afrika Mashariki, alizipunguza zikawa 6, nyingi akizikusanya kama nususpishi za ile moja ya Wendland. Watu wa bustani walinung'unika. Kloroplasti hazikumaliza ubishi wote, lakini kufanana kwake kunasema kwamba maua haya hayajaachana siku nyingi.

Na lile swali la ndugu zake? Jibu lilianza mwaka 1997, pale Michael Möller na Quentin Cronk waliposoma kipande cha DNA ya kiini na kuona kwamba Saintpaulia imekaa ndani kabisa ya jenasi nyingine ya Afrika, Streptocarpus. Kwa lugha ya nyumbani: tulidhani ni jirani, kumbe ni mtoto wa chumba cha ndani. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha spishi nyingi za Afrika na Madagaska, kwa DNA ya kiini na ya kloroplasti pia, Kanae Nishii na wenzake walilifuta jina la Saintpaulia kama jenasi. Ua la Tanga sasa ni Streptocarpus ionanthus. Jina la mkuu wa wilaya limebaki kuwa jina la kundi tu ndani ya jenasi hiyo.

Kwa nini macho yalidanganyika zaidi ya miaka 100? Streptocarpus maana yake ni tunda lililosokotwa, na kweli matunda ya spishi nyingi zake yamesokotwa kama kamba ya katani. Tunda la ua la Usambara limenyooka. Maua ya Streptocarpus kwa kawaida yana bomba, la Usambara ni bapa na katikati linaonyesha vifuko viwili vya njano vya chavua. Dino Martins, mtafiti wa wadudu wa Kenya, aliandika mwaka 2008 jinsi nyuki wa porini wa jamii ya Amegilla wanavyolichavusha lile la Taita. Nyuki hao hung'ang'ania ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa, chavua ikapukutika. Ua la namna hiyo halihitaji bomba wala nekta. Umbo la ua hubadilika kufuata mdudu anayelihudumia, na hubadilika upesi kuliko undugu. Anayepima nasaba kwa sura ya ua anapima zaidi kazi ya nyuki.

Tukipanda juu zaidi kwenye mti huu wa nasaba, tunarudi jikoni tulikotoka. Ukoo wa Streptocarpus umo katika tawi moja na ufuta, kivumbasi na mti wa msaji. Tawi la urujuani wa kweli ni lile la muhogo, mnyonyo na mkarakara. Hivyo mama anayechanganya Ceratotheca kwenye mlenda wake ameshika mkononi jamaa wa ua la Usambara, na yule aliyepanda muhogo nyuma ya nyumba amepanda jamaa wa urujuani wa Ulaya.

Sitawaficha mpaka wa elimu hii. Kloroplasti inasimulia ukoo wa mama peke yake. Maua ya kundi hili hupandana kwa urahisi; nususpishi mbili zikikutana, zao lao litabeba kloroplasti ya mama na kunyamaza kabisa juu ya baba. Ukitegemea kijitabu hicho kimoja unaweza kuandika nusu ya familia ukadhani umemaliza. Ndiyo maana mtafiti makini husoma pia DNA ya kiini, kisha hurudi porini kutazama mmea wenyewe, mwamba wake, nyuki wake. Anayewaambia kwamba mashine imeondoa haja ya kujua mimea kwa majina na kwa makazi yake, msimwamini.

Ua hili limezalishwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani, likiwa kwenye vyungu vya madirishani. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai, uliokubali kwamba nchi ina mamlaka juu ya mali ya asili ya kijenetiki iliyomo ndani yake, ulipitishwa mwaka 1992, miaka 100 baada ya mmea ule kutoka Tanga. Huko milimani lilikotoka, misitu inafyekwa na kivuli kinapungua, na kwenye mwamba usio na kivuli ua hili halioti tena. Tusipojua nani ni ndugu wa nani, hatutajua kilima kipi kikiungua kimeondoka na ukoo mzima, na kipi kimeondoka na tawi ambalo lina mwenzake kwingine. Mbololo ikiungua, ukoo umekwisha. Hayo ndiyo matumizi ya nasaba, na mimi nayaona makubwa kuliko sifa ya kuchapisha.

Sasa ombi langu kwenu. Hapa Zuzu hatuna ua la Usambara, lakini tuna mlenda wa aina nyingi, na wanaojua kuutofautisha ni mama zetu waliomo humu ukumbini. Mvua za mwaka huu zikinyesha, kila shule ichukue wanafunzi kumi, waende mashambani na bibi mmoja anayekubali kuwafundisha. Wachume kila aina ikiwa na ua na tunda, walaze ndani ya magazeti, wagandamize kwa mbao na mawe, wabadilishe magazeti kila siku mpaka mmea ukauke. Pembeni waandike jina la Kigogo kama bibi alivyolitamka, mahali, tarehe, na namna unavyopikwa. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwenye hazina ya taifa ya mimea mikavu iliyoko Arusha. Jani lililokaushwa vizuri huweza kusomwa kloroplasti yake hata miaka 100 baadaye. Jani lisilo na jina, mahali wala tarehe halimsaidii mtu. Magazeti ya zamani ninayo ya kutosha kwa shule tatu, nimeyaleta, yako pale mlangoni.